Panya wa Utepe wa Bluu

Saa moja asubuhi, gereji za Chang'ombe hazijaanza kugonga mabati, Chausiku alikuwa maabara, keshavaa koti na glovu, anamtoa panya wa kwanza. Alimlaza kwenye kiganja, akampapasa tumbo kwa kidole gumba mpaka akakipata kibofu, kimejaa kama zabibu. Akakikamua taratibu. Mkojo ukamwagikia kwenye karatasi.

"Haya, umepumua mwenzangu," akamwambia, akaandika kwenye daftari.

Walikuwa panya ishirini na wanne, asubuhi na jioni. Wote waliumizwa uti wa mgongo kwa operesheni, wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, ili Daktari Kokuberwa aijaribu dawa ya kuuponya aliyokuwa akiihangaikia. Tangu siku hiyo miguu ya nyuma wakawa wanaiburuta, na mkojo hautoki mpaka mtu awakamue. Mtu mwenyewe ndiye Chausiku.

Kazi hiyo hakuisomea. Shule aliishia darasa la saba. Aliijulia kwa kaka yake Mudathir, aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu kwenye ujenzi huko Kinyerezi, akavunjika mgongo. Miezi minane Chausiku alimuuguza peke yake chumbani: kumkamua kibofu, kumgeuza, kumkunja na kumnyoosha miguu kwa mafuta ya nazi, kama nesi alivyomwelekeza. Vidonda vya kulala vikamshinda, akafariki. Majirani walikuja kwenye arobaini yake, wakasoma dua, wakala, wakaondoka na masufuria yao. Nyumba ikabaki haina wa kumwita dada.

"Unaogopa panya?" Daktari alimuuliza siku alipokuja kuomba kazi.

"Mie nimeuguza mtu, Dokta. Panya nitamwogopea nini?"

Akapewa kazi, na sharti moja: "Usiwape kitu chochote nisichokuambia."

Sharti akalishika. Hata punje ya mchele hakuwahi kuwatupia.

Sasa, makasha kumi na mawili yalikuwa na utepe mwekundu, kumi na mawili utepe wa bluu. Hakuambiwa maana yake, ila macho anayo. Aliyekuwa akiwachoma sindano ni Gozbert, fundi wa chumba cha pili, chumba cha panya wa ugonjwa wa kongosho. Chausiku akaona kwamba wa utepe mwekundu wanachomwa dawa ya kwenye kichupa cha friji, na wa bluu wanachomwa maji ya chumvi tu, yale ya dripu. Roho ikamuuma. Kuumizwa waumizwe wote, halafu hawa waachwe hivi hivi?

Basi kila akishawakamua wa bluu, alimweka mmoja mmoja mapajani, akamkunja miguu na kumnyoosha, mara hamsini. Huku anawasimulia: mvua ilivyoingia chumbani, ndoto aliyoota, Mudathir anashuka ngazi anacheka.

"Sista, sie wa kongosho tunasikia umbea wote ukutani," Gozbert alichungulia siku moja. "Hao panya, wakwe zako, wanasemaje leo?"

"Wanasema ufunge mlango."

Ikafika wiki ya sita, siku ya kupima. Daktari alikaa mezani, Chausiku akamletea panya bila makasha, asije akajua nani wa utepe gani. Daktari aliwatazama wakitembea, akatoa alama: sifuri ni miguu iliyokufa, ishirini na moja ni panya mzima. Walipokwisha, Gozbert akafungua orodha ya namba, akapiga hesabu.

"Wekundu, wastani kumi na moja. Wa bluu kumi."

Daktari akavua miwani. "Hakuna tofauti. Miaka minne, Gozbert, na dawa haifanyi kitu. Ijumaa tunawalaza wote usingizi wa kutoamka, tunafunga."

Chausiku akamrudisha panya wa mwisho kashani. Aliwaza kuna mtu mahali fulani amelala kama Mudathir, anatazama dari, na dawa yake inakwenda kutupwa kwa sababu ya mikono ya mtu. Akawaza pia kwamba akisema atafukuzwa, na hapa duniani wanaomngoja asubuhi ni hawa panya tu.

"Dokta, samahani. Wale wa bluu nimewanyoosha miguu."

"Umewafanya nini?"

"Nimewakunja na kuwanyoosha. Kila siku. Kama kaka yangu."

Gozbert akaiacha orodha, akageuka.

"Wote?" Daktari akauliza.

"Wa bluu tu. Niliwaonea huruma, hawapewi dawa."

"Chausiku, si nilikuambia usiwape kitu?"

"Sikuwapa kitu, Dokta. Ni mikono tu."

Daktari akavaa tena miwani. "Mazoezi yanasaidia, mdogo wangu, hilo linajulikana siku nyingi. Mimi nilitaka kujua dawa peke yake."

"Nifukuze tu, Dokta."

"Nikikufukuza nani atawakamua?"

Akachukua daftari na kalamu nyekundu, akapiga mstari wa kufuta ukurasa mmoja mmoja, wiki zote sita.

Ijumaa panya wakalazwa, wekundu kwa bluu. Chausiku aliwaleta mwenyewe, mmoja mmoja. Mwezi uliofuata wakaanza na wengine, kwa sharti jipya: kila panya dakika mbili, saa iko mezani. Kamua, pima uzito, rudisha.

"Mbona kimya, sista?" Gozbert alichungulia. "Mmegombana na wakwe?"

Chausiku akatazama saa, akamrudisha panya, akachukua mwingine.

Wiki ya sita ikafika tena. Daktari akatoa alama, Gozbert akapiga hesabu, akairudia mara ya pili.

"Wekundu kumi na mbili. Wa bluu nne."

Daktari aliruka, akamkumbatia Gozbert, akamkumbatia na Chausiku, kisha akatoka mbio na simu sikioni. Gozbert akamfuata. Vicheko vyao vikasikika koridoni.

Mezani alibaki panya mmoja wa bluu, namba kumi na tisa, anaburuta miguu ya nyuma kama kitambaa kilicholowa. Alijivuta mpaka kwenye mkono wa Chausiku, akapandisha miguu ya mbele kwenye kidole chake, akatulia hapo.

Chausiku akatazama saa. Dakika mbili zilikuwa zimepita zamani.

Akamrudisha kashani, akafunika, akaenda kunawa mikono.