Kumi na Moja Juu ya Sitini na Nne

Mashine ilikuwa inazunguka bila kukata. Kisu nilikuwa nimekirudisha nyuma upana wa kidole, nikapiga magoti mbele ya bamba la chuma lililolazwa sakafuni, nikaandika kwa chaki: kumi na moja, gawanya kwa sitini na nne. Nyuma yangu viatu vilikuwa vimesimama, jozi tano au sita. Sikuhitaji kugeuka ili nijue vya nani ni vipi, kwa kuwa mafundi wakikaa pamoja miaka kumi hujuana hata kwa soli. Vilivyokuwa karibu zaidi vilikuwa vyeusi, vya kupigwa kiwi kila Jumatatu japokuwa vingelowa mafuta kabla ya saa nne. Hivyo vilikuwa vya mzee Kitabu.

"Unaandika nini?" akauliza.

"Nagawanya, mzee."

Mtu mmoja akacheka kwa pua.

Kitabu ndiye aliyenifundisha kukereza chuma. Aliponipokea nilikuwa kijana wa kufagia vumbi la chuma, darasa la nne nimeliacha katikati, na mikono yangu haikujua lolote ila ufagio. Alinisimamisha kando ya mashine yake miaka miwili, akinipiga kofi la kisogoni kila nilipotazama uso wake badala ya kisu. Nilichokuwa nacho siku ile, kuanzia mshahara mpaka heshima ya kuitwa fundi, kilipitia mikononi mwake. Ndiyo maana chaki ilikuwa nzito mkononi mwangu.

Jina la Kitabu hakuzaliwa nalo. Zamani ukutani mwa karakana palikuwa na chati: kushoto sehemu za inchi, kulia desimali zake. Michoro ya mitambo ya zamani iliandikwa kwa sehemu, vipimo vyetu vya mkononi vilisoma desimali, na chati ilikuwa mkalimani wetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kutoka kushoto kwenda kulia kwa akili yake. Ulitazama, ukarudi kwenye mashine, ukakata. Kisha ikasemekana wageni wakubwa wanakuja, msimamizi akaamuru kuta zipakwe rangi, na mpiga rangi akapaka kila alichokikuta, chati ikiwamo. Wageni hawakuja. Tukabaki na ukuta mweupe kama ganda la yai, na mzee wetu aliyeitazama chati ile miaka ishirini na sita mpaka ikahamia kichwani mwake. Ukimtajia sehemu alikupa desimali bila kuinua macho, ndipo tukamwita Kitabu. Kwa miezi saba tulimtumia hivyo, na kama aliwahi kukosea, hapakuwa na wa kulijua kosa.

Asubuhi ile kazi ilikuwa shafti ya pampu. Hospitali moja, mwendo wa nusu siku kwa gari kutoka kwetu, ilikuwa siku ya nne bila maji. Wauguzi walikuwa wanapandisha ndoo kwa ngazi, na chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa. Dereva wao alikuwa nje, hataki kukaa wala kunywa chochote. Chuma cha unene uliotakiwa tulikuwa nacho kipande kimoja. Beringi ya kukipokea nayo ilikuwa moja, tena imeshafungwa kwenye pampu huko huko. Kwenye karatasi iliandikwa kipenyo: inchi moja, na kumi na moja juu ya sitini na nne.

"Moja nukta moja nne sifuri sita," Kitabu alisema akipita, kama mtu anayejibu salamu.

Nikaanza kukata. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niifikie robo inchi juu ya ile moja, pale hesabu ilipoanza kuniwasha. Moja juu ya nane ni nukta moja mbili tano, hiyo hata mimi nilikuwa naijua kama jina la mama yangu. Nane juu ya sitini na nne ni hiyo hiyo moja juu ya nane. Kumi na moja imeipita nane kwa hatua tatu nzima. Mbona namba ya mzee imesogea kidogo tu, kama mtu anayepisha mlangoni? Nikarudisha kisu.

Hapo lazima niseme nilikoipata hesabu hiyo. Kwa miezi minane nilikuwa nikitoka kazini naenda masomo ya jioni, katika shule ya watoto, tunakaa kwenye madawati yanayotugusisha magoti kidevuni. Mwalimu wetu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Aliniita baba na mimi nilimwita mwalimu, na kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa jina hilo. Karakanani sikusema. Niliona aibu, mtu mzima mwenye mvi kubeba daftari. Niliwaambia kwamba nina ndugu yangu mgonjwa, nakwenda kumwangalia. Wakanihurumia, wakawa wananiuliza kila wiki kama amepata nafuu. Mara moja Kitabu alinipa machungwa manne nimpelekee. Niliyala njiani moja moja, na kila moja lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Kugawanya kwa njia ndefu nilikupenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kunafanana na kukereza. Hukati chote kwa mara moja. Unaondoa kinachoondoka, unatazama kilichobaki, unashusha sifuri, unaondoa tena. Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja. Kilichobaki kisipotosha kugawanyika hata baada ya kushusha sifuri, nilishusha nyingine na kuendelea, bila kuandika sifuri kwenye jibu. Mwalimu alisimama juu ya daftari langu jioni moja, akaweka kidole hapo. "Baba, umemruka mtu kwenye foleni. Huyu hana kitu mkononi, lakini nafasi ni yake."

Sasa nilikuwa sakafuni mbele ya wenzangu. Mia moja na kumi kwa sitini na nne, mara moja, baki arobaini na sita. Mia nne na sitini, mara saba, baki kumi na mbili. Mia moja na ishirini, mara moja, baki hamsini na sita. Mia tano na sitini, mara nane. Nikakomea hapo, maana kipimo chetu hakikusoma zaidi. Nukta moja saba moja nane.

"Kwa hiyo mgonjwa ndiye huyu," mmoja akasema akiitazama chaki, na wote wakaangua kicheko isipokuwa wawili.

Kitabu alikuwa haangalii namba. Alikuwa ananiangalia mimi. "Namba ile nimeitazama miaka ishirini na sita," akasema. "Wewe yako umeijua lini?"

"Sasa hivi, mzee."

Msimamizi alivutwa na kicheko, akafika. Alipoelezwa alikuna kichwa. Tofauti kati ya namba mbili hizo ilikuwa kama unene wa ukucha, lakini ndani ya beringi ukucha ni chumba na sebule. Nikikata kwa namba ya mzee na iwe imekosewa, shafti itacheza, na chuma kikishakatwa hakirudi. Nikikata kwa yangu na iwe ndiyo iliyokosewa, wale mafundi wa huko wataisukuma kwa nguvu, beringi ipasuke, na nyingine haipo. Msimamizi hakutaka kuchagua kati ya mzee wake na chaki. Akaniambia mashine ni yangu, niamue, ila shafti itasafiri na jina langu.

Nilitazama hesabu yangu na kila tarakimu ilinitazama kwa jicho la kuazima. Mara ngapi nilikuwa nimeruka mtu? Nikaipitia tena kutoka juu. Ilikuwa sawa. Lakini usawa wake haukunitosha, kwa sababu upande wa pili alikuwa amesimama mtu ambaye hajawahi kubuni namba maishani mwake. Kitabu hakuwa mtu wa kukisia. Kama alisema nukta moja nne sifuri sita, basi namba hiyo aliiona, mahali fulani kwenye chati ile. Ikiwa si ya kumi na moja, ni ya nani?

Nikaandika tisa, gawanya kwa sitini na nne.

Tisini, mara moja, baki ishirini na sita. Mia mbili na sitini, mara nne, baki nne. Nikashusha sifuri, arobaini, haitoshi, nikashusha nyingine, mia nne, mara sita, na chaki ilikuwa imeshagusa chuma kuandika sita kando ya nne. Nikaizuia. Nikafuta kwa kidole gumba, nikaandika sifuri kwanza, ndipo sita.

Nukta moja nne sifuri sita.

Nilisogea ili apate nafasi. Kitabu akainama, magoti yakalia, akasoma jibu la juu kisha la chini, midomo ikicheza.

"Hiyo ni ya tisa," akasema.

"Ndiyo, mzee. Namba yako ni ya kweli. Imekaa mstari mwingine."

Aliinua uso akautazama ule ukuta mweupe kwa muda mrefu, sehemu ile ile chati ilipokuwa. Hakuna aliyecheka. Kisha akanyoosha mkono nimwinue, na alipokuwa wima akaniambia kwa sauti ya kazi: "Kata."

Nilikata. Nilipima mara tisa. Saa tano dereva aliondoka na shafti imefungwa ndani ya blanketi kama mtoto mchanga.

Siku iliyofuata sikuwa na faida kwa mtu yeyote. Niliharibu boliti mbili za kitoto. Saa za mchana wenzangu walikwenda kula, mimi nikabaki nikisugua mashine iliyokuwa safi, na Kitabu naye akabaki, akipanga upya vifaa ambavyo vilikuwa vimepangwa. Saa kumi kasoro simu ililia ofisini. Msimamizi alitoka, akasimama mlangoni, akajifuta shingo kwa leso.

"Imeingia kwa mkono," akasema. "Maji yamefika ghorofa ya pili."

Kisha akauliza, mbele ya wote, ile hesabu hasa ilikuwa ya nani, maana ofisi kuu walitaka kujua.

"Tumepiga wawili," Kitabu akasema. "Yeye kagawanya, mimi nimetoa namba."

Mimi ni mtu wa kujisikia, sifichi. Hata leo cheti changu cha masomo ya jioni kiko ukutani, kwenye fremu niliyoikereza mwenyewe. Maneno ya kumsahihisha yalinifika mpaka kwenye meno. Nikasema ndiyo, tumepiga wawili.

Walipotawanyika akaja akakaa kwenye boksi kando yangu. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba tangu mwanzoni mwa mwaka alikuwa anawaita wajukuu kwa majina ya watoto wake, na mkewe ameanza kumwekea funguo mfukoni. Jana, nilipopiga magoti na chaki, alijua kwamba kichwa kinamwagika, na kwamba watu watakiona kikimwagika.

"Kumbe hazijatoka," akasema. "Zimebadilishana viti tu."

Akavuta pumzi, akaishusha yote, ya miezi mingi. Nikafungua chakula changu cha mchana, kilichokuwa kimepoa na kukauka pembeni, nikamkatia nusu. Tulikula, na sikumbuki chakula kingine kilichowahi kunishuka vizuri namna ile.