Jiwe la Mzee Ladislas Lapanda Ambulansi

Nyoka kifutu alikuwa amejilaza chini ya maharage yaliyong'olewa, na Shangazi Marthe akamzoa pamoja na mzigo, naye akamuuma mkononi.

Nilipofika shambani kwake, kwenye kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi kiwikoni. Jiwe jeusi la Mzee Ladislas, mganga wetu Mrundi, lilikuwa limenata kwenye jeraha linyonye sumu. Mimi nilikuwa nimehitimu uuguzi majuzi tu na nilijitolea katika kituo cha afya. Nilikuja na ambulansi.

“Weye Gad, ngoja kwanza,” shangazi alisema. “Jiwe bado kuanguka. Na kule Mbarara banakata mikono. Nitakanda beignets na nini, na diplome yako?”

Watu, wateja wa maandazi yake, walicheka. Mimi sikuweza, maana alipocheka niliona meno yake mekundu. Fizi zilikuwa zinavuja damu.

Kwetu jiwe likishanata halibanduliwi mpaka lianguke lenyewe, wala haliendi mbali na mwenye jiwe. Nilikuwa nimejipanga kubishana. Ghafla nikaona hakuna haja!

“Basi liende naye,” nikasema. Nikamgeukia Ladislas. “Na wewe mzee, panda ulilinde.”

“Yewe! Mimi kwa ambulansi na siumwi?” Tayari alikuwa ameshakaa.

Tulipokaribia Mbarara shangazi aliacha kunitania. Hilo liliniogopesha kuliko uvimbe.

Hospitalini, daktari Mutabazi alimtoa damu kidogo, akaiweka kwenye chupa nyembamba ya kioo mezani. “Tunangoja dakika ishirini. Kama inaganda, mzuri. Kama inakimbia, sumu iko ndani.”

Ladislas aliikodolea macho kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Muda ulipotimia daktari aliinamisha chupa. Damu ilitiririka kama chai.

“Mzee, jiwe yako imeshika kabisa,” Mutabazi alisema kwa upole. “Lakini sumu ilishapita. Iko kwa damu ya mwili yote. Jiwe inafika huko?”

Ladislas alimtazama shangazi, akatazama chupa. Kisha akalibandua jiwe kwa mkono wake mwenyewe, akalifunga katika leso.

“Huko halifiki. Mpeni dawa yenu.”

Dawa ya kuua sumu ikaanza kushuka kwenye mshipa, tone kwa tone. Jioni ikaja chupa ya pili ya damu yake. Daktari aliiinamisha, damu haikusogea. Akaipindua kabisa. Imeganda! Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka, na Ladislas akanikumbatia akirukaruka.

“Mbona fujo mingi?” sauti ya shangazi ikatoka kitandani. “Mukono iko?”

“Iko, shangazi! Yote, mpaka vidole!”

“Basi, Bwana Diplome, mpaka ipone utakanda weye.”

Nilikanda, na wateja walilalamika. Kisha asubuhi moja, mikono yangu ikiwa na unga, simu ikalia.

“Gad! Kuna mtu kaumwa na nyoka huku Ngarama,” Ladislas alihema. “Leta ambulansi upesi. Mimi na jiwe tuko barabarani tayari!”