Neno la Tano

Midomo ya Bi Mwamvita ilifunguka, ikabaki wazi, ikilisaka neno. Kabla halijafika, bintiye akalitoa.

"Kisima, mama!"

Dokta Dotto aliweka kalamu mezani. "Dada Faudhia, anayepimwa kumbukumbu ni mama. Hebu kaa hapo nje, tafadhali."

Faudhia alitoka uso umemshuka. Kwani kosa lake nini? Tangu mama aanze kuunguza maharage na kuuliza jambo lile lile kutwa nzima, yeye hakuwa na raha, kila wiki alikwenda kumwangalia. Chumba cha mama alikwisha kukipaka rangi nyumbani kwake Kibaha. Kilichobaki ni mama mwenyewe, ambaye hakutaka kusikia habari ya kuliacha shamba lake la mihogo kule Mzenga. Kaka yake, Halidi, anayeishi jirani na mama, ndiye aliyekata shauri: wasubiri vipimo. Vikiwa vibaya mama ahame, atake asitake. Ndiyo maana mama aliingia mle chumbani kwa hofu.

Mlango haukufungwa sawasawa. Faudhia alimsikia daktari akichokoza: "Bibi, nilikutajia maneno matano. Au ndiyo Uzaramo huo, mnakumbuka ngoma tu?"

"Koma wee Mnyamwezi! Umekuja Pwani kwa miguu, leo unanipima mimi akili?"

Watani wale wakacheka. Kisha mama akaanza kuyasaka maneno. Faudhia akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Jembe," mama alisema hatimaye. "Chumvi... ufagio. Na kisima, kile alichokitaja huyo kiherehere."

Neno la tano halikuja.

Walipokaa tena wote watatu, daktari aliwaonyesha kwenye kompyuta picha ya ubongo wa mama, iliyopigwa wiki iliyopita. Hapa na pale paliwaka wekundu. "Hii ni protini inayoitwa tau. Sote tunayo, ila uzeeni huweza kujisokota, ikarundikana na kuisumbua kumbukumbu. Mama anayo, sitawaficha."

Faudhia alidakia. "Basi anahamia kwangu."

"Ngoja kwanza. Picha yake ni mbaya kuliko majibu yake. Wapo wenye madoa kama haya na bado wanajimudu. Kwa nini, ndilo tunalolitafuta katika utafiti tunaoufanya hapa. Tutampima tena mwakani. Kwa sasa ana shamba lake, ana majirani zake, sioni sababu ya kumwondoa." Akamgeukia Faudhia. "Nyumbani nani humjibia?"

Mama ndiye aliyejibu. "Huyu. Tangu asubuhi sijamaliza neno. Mwanangu, najua unanipenda. Lakini ukinisemea kila kitu, mimi nitabaki na nini?"

Maneno yale yalimchoma. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa akimpokonya mama maneno yake, naye anadhani anamsaidia! Aliona haya.

"Haya, mama," alisema, machozi yakimlengalenga. "Utarudi Mzenga."

Alasiri, pale kituoni Kwa Mathias, alimpandisha gari la Mlandizi, ambako Halidi angempokea na kumfikisha Mzenga. Njia nzima toka hospitali mama alikuwa akinong'ona na kukunja vidole: jembe, chumvi, ufagio, kisima. Kidole gumba kilibaki kimesimama peke yake. Neno lenyewe lilikuwa limemkaa Faudhia ulimini, likimwasha kama pilipili. Aling'ata meno, akanyamaza. Akambusu mama mkono, akashuka.

Gari likaanza kuondoka. Mara kichwa cha mama kikachomoza dirishani, mtandio ukipepea.

"Harusi!" alipaza sauti. "We Faudhia! Harusi!"

Kituo kizima kiligeuka. Mama mmoja muuza machungwa akapiga kigelegele, maana harusi ni harusi, hata kama hujaalikwa.

"Ya nani, mwanangu?" akauliza.

Faudhia alikuwa anacheka huku analia, mkono juu, akipunga hadi gari likapotelea kwenye malori.

"Ya mama yangu," alisema.