Vidole Vinne Kutoka Sakafuni

Nimeshona mapazia miaka arobaini na moja, na Ijumaa ile binti yangu alisimama juu ya ngazi zangu akaniambia sijui kuziba uwazi wa mlango.

Hakusema hivyo neno kwa neno. Alisema, "Baba, kufikia Jumatatu pawe na geti hapa. Pasipokuwa na geti, mtoto namhamisha." Lakini mimi nilisikia nilichosikia.

Chanzo ni mjukuu wangu. Ana miezi kumi na moja na tunamwita Buldoza, kwa sababu hatambai kama watoto wengine, anasukuma. Kiti, kapu la vitambaa, mguu wa mteja, vyote husukumwa. Rafiki yake mkubwa ni mtoto wa mbwa ambaye binti yangu alimwokota nje ya hospitali anakofanya kazi ya uuguzi, kisha akaniletea mimi, maana kwake hapana nafasi. Huyo tunamwita Bosi, kwa kuwa kazi yake ni kulala juu ya vitambaa vya wateja na kutukagua wengine tunaofanya kazi. Bosi akienda, Buldoza anafuata. Siku hiyo Bosi alikuwa ameshuka chini, na binti yangu alipofungua mlango wa barabarani kuja kumchukua mwanawe, alimkuta ameketi ngazi ya pili kutoka juu, anachekelea, huku babu yake yuko kwenye cherehani anamalizia upindo.

"Nimegeuka sekunde moja tu," nilisema.

"Hiyo sekunde moja ndiyo inayoua, Baba. Mimi ndiye ninayewapokea wodini, nawajua." Alikuwa akisugua lile kovu linaloikata nyusi yake ya kushoto, kama afanyavyo akikasirika. Watu wakiniuliza kuhusu kovu hilo huwa nasema alianguka kitandani akiwa mdogo.

Chumba changu cha kazi kiko ghorofani, penye mwanga. Ngazi kumi na nne zinashuka moja kwa moja hadi mlango wa barabarani, na juu yake hapana mlango. Fremu tuliing'oa zamani ili meza ya kukatia ipite, na haikurudi tena. Na aliposema atamhamisha mtoto, hakuwa ananitishia tu. Kuna mama mmoja karibu na hospitali anayelea watoto wanane mbele ya televisheni. Tangu mke wangu afariki, nyumba hii ilikuwa na sauti ya cherehani peke yake, mpaka Buldoza alipoletwa. Sikutaka kurudi kwenye ile sauti moja. Hilo ndilo lililonipeleka dukani Jumamosi, si woga wa binti yangu, ingawa woga nao ulikuwepo.

Nilikwenda na tepu yangu shingoni na kipimo kichwani: sentimita tisini na nne. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba. Akanitolea mageti moja baada ya jingine kama ananichagulia mchumba.

La kwanza lilikuwa la chuma, linabana kuta mbili bila kutoboa. Nikalipenda papo hapo.

"Hilo ni la mlango wa jikoni," akasema. "Juu ya ngazi usithubutu. Mtoto akiliegemea likang'oka, wanashuka wote wawili."

La pili la mbao, linafunguka kama mlango, lakini chini lina kizingiti, na goti langu la kulia halisikilizani na vizingiti. Isitoshe, likifunguliwa lingegonga meza yangu. Nikalikataa. Akashusha pumzi, akatoa boksi jembamba. Ndani mlikuwa na kasha refu la kusimama. Akavuta, wavu mweusi ukatoka ndani ya kasha mpaka upande wa pili, akaunasa kwenye ndoano mbili. Akabonyeza kitufe, akakizungusha, akaachia. Wavu ukarudi wenyewe ndani.

"Hili linajikunja," akasema. "Ukitaka kupita hapana kizingiti. Linafaa kwa mtoto, na kwa mbwa mdogo pia."

Nikaupapasa wavu. Umefumwa vizuri, na pindo zimeshonwa mara mbili. "Hili ni pazia," nikasema.

"Si pazia, baba. Ni geti."

"Mama, mimi pazia nalijua hata likivaa koti."

Akacheka. Lakini alipokuwa ananifungia boksi alisema jambo ambalo nililisikia na kuliacha palepale kaunta. "Uangalie chini. Watoto hawaruki juu, wanapenya chini. Na usome karatasi."

Karatasi ya kunifundisha mimi kuning'iniza kitambaa! Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima.

Jumapili asubuhi nikaanza kazi, na kuanzia hapo kila kitu kilinikatalia. Ukuta wa kulia ulipigwa lipu na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kwingine. Nilitoboa tundu la kwanza kwa drili ya jirani yangu, fundi makufuli. Mchanga ukamwagika, tundu likawa pana kuliko kidole gumba, na kile kibomba cha plastiki cha kushikia skrubu kikazama humo kisionekane tena. Tundu la pili likagonga jiwe. Upande wa kushoto ni nguzo ya ngazi, nayo ni ya mviringo, na ndoano zinataka mahali bapa. Nikakata kipande cha ubao, nikakifunga kwenye nguzo, kikakaa upande. Nikakifungua. Nikakifunga tena, kikakaa upande wa pili. Bosi akaondoka na skrubu mdomoni. Nilimkimbiza kuizunguka meza mara tatu, mzee mzima, namtukania mama yake ambaye hata simjui.

Karatasi ya maelekezo niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa cherehani, uliokuwa ukiyumba tangu mwezi uliopita. Angalau ifanye kazi. Tepu niliitundika kwenye kulabu ya zamani iliyo juu, karibu na dari. Ziko mbili, moja kila upande wa uwazi, zimepakwa rangi mara nyingi hata hazifanani tena na kulabu. Sikuzitazama sana.

Kasha nililipachika pale ninapopachika kila kitu changu, vidole vinne kutoka sakafuni. Pazia lililoshonwa na mtu anayejiheshimu haligusi sakafu. Likigusa linaburuta vumbi, linakanyagwa, upindo unaoza. Vidole vinne, na mkono wangu unajua bila kupima.

Saa tisa alasiri geti likasimama, limenyooka, limekaza. Nililivuta na kuliachia mara kumi kwa furaha tu.

Saa kumi binti yangu akaja, mtoto kiunoni. Tulipoingia sote chumbani nikalivuta geti, nikalinasa, nikasimama kando nimevimba kwa fahari. Akalisukuma juu kwa kiganja. Akaliegemea katikati kwa bega, kwa uzito wake wote. Halikutikisika.

"Umejitahidi, Baba," akasema. Moyo wangu ukatua. Akamweka Buldoza chini.

Bosi ndiye aliyetangulia. Alijilaza kwa tumbo, akapenya chini ya wavu, akatokea kwenye ngazi ya kwanza akitikisa mkia. Buldoza alimtazama. Kisha akaweka shavu sakafuni, kichwa kikaingia, wavu ukainuka ukamlalia mgongoni kama shuka, naye akasukuma, maana hiyo ndiyo kazi anayoijua. Mimi nilikuwa bado natabasamu. Mama yake alimdaka kifundo cha mguu wakati mikono yote miwili imeshafika ngazi ya kwanza.

Alimvuta, akamkumbatia. Mtoto alilia kwa kuharibiwa safari yake.

"Umeliweka juu," binti yangu akasema.

"Vidole vinne tu. Ndivyo linavyokaa pazia..."

Neno lilishatoka. Niliona lilivyotua usoni mwake. Akainua kidole akaelekeza kule juu, ilipotundikwa tepu yangu.

"Zile kulabu ni za nini?"

"Za zamani."

"Za nini, Baba?"

Nikainama kuokota skrubu sakafuni.

"Mama aliniambia kabla hajafa. Alikuomba mlango hapa miezi minne. Wewe ukamtundikia pazia. La kijani, zito, lina bitana, kila aliyeingia analisifia. Vidole vinne kutoka sakafuni." Akagusa nyusi yake. "Na miaka yote hii unawaambia watu nilianguka kitandani."

Akachukua mfuko wa nepi, akachukua na kile kijiko cha plastiki ambacho Buldoza hupigia ngoma kwenye kapu langu la vitambaa. Kijiko hicho hukaa kwangu siku zote. "Kesho nampeleka kwa yule mama," akasema, akashuka ngazi polepole, mkono mmoja ukutani.

Nilikasirika. Nilimkasirikia muuzaji kwa kutonishika shati na kunilazimisha nisome. Nilimkasirikia aliyepiga lipu. Nilimkasirikia Bosi, aliyerudi kulala juu ya kitambaa cha mteja kana kwamba hakuuza mtu. Nilimkasirikia hata marehemu mke wangu kwa kusema. Majuto ni mjukuu, waliosema walisema, na wangu alikuwa ameshapanda juu ya bega la mama yake na kwenda zake.

Jumatatu nikaitoa karatasi chini ya cherehani. Ukurasa wa kwanza kabisa, hata kabla ya skrubu, ulikuwa na picha ya mtoto amelala kifudifudi chini ya wavu, amechorewa alama nyekundu ya kukatazwa. Ukingo wa chini ukae karibu na sakafu, ilisema, nafasi isizidi unene wa kidole kimoja. Mtoto wa shule angeielewa. Nikang'oa kila kitu. Matundu mapya yangeangukia karibu mno na yale ya jana, kwa hiyo ikabidi niyazibe yote kwa saruji na kungoja ikauke, na saruji haijali nani ana haraka. Nikamwandikia binti yangu: "Narekebisha." Hakujibu. Nikashona. Cherehani ikayumba siku nzima.

Mchana mteja wangu mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua mapazia ya sebuleni, akaona vumbi na kasha limelala chini. Akauliza kunani.

"Naweka geti," nikasema, na ningeweza kuishia hapo. "Binti yangu alianguka ngazi hizi akiwa na miezi kumi. Mimi nilikuwa pale, kwenye cherehani."

"Si ulisema kitandani?"

"Nilidanganya."

Alichukua mapazia yake akaondoka bila kupatana nami bei ya kazi inayofuata, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumanne nilitoboa upya, safari hii nikiwa nimepiga magoti, goti bovu limekunjiwa blanketi. Ubao wa nguzoni niliuchonga kwa nyuma ufuate mviringo, nusu siku nzima. Kasha likakaa chini. Lilikuwa baya machoni pangu, limejibana na sakafu kama pazia lililopimwa na kipofu. Mkono wangu ulitaka kulipandisha, nikaukatalia.

Kisha nikajilaza kwa tumbo kulijaribu mwenyewe. Kabla ya kulinasa nililaza shavu sakafuni, pale hasa Buldoza alipolaza lake. Kutoka kule chini ngazi ya kwanza haionekani. Wala ya pili. Unachoona ni mwanga tu, na barabara mbali chini pale mlango ulipoachwa wazi, na ungependa kwenda. Nilikaa hapo kitambo. Miaka thelathini na tatu tangu binti yangu aanguke napita pale, sikuwahi kupatazama kwa kimo cha mtoto.

Nikamwandikia tena: "Tayari. Njoo ukague." Akajibu neno moja, "Sawa," na neno hilo nikakaa nalo hadi kesho yake.

Jumatano alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa sare yake nyeupe, mtoto kiunoni, mfuko begani. Hakunisalimia kwa urefu. "Shikamoo, Baba. Mshike." Nikampokea Buldoza, akanikamata ndevu.

Binti yangu akalivuta geti, akalinasa. Hakulisukuma juu wala katikati. Alilala chini. Kwa tumbo, na sare yake nyeupe, kwenye sakafu yenye nyuzi na chaki, akaweka shavu chini na kuingiza kichwa chake pale kwenye ukingo, akasukuma. Lile kovu lilikuwa limeubana wavu. Akasukuma tena kwa nguvu, mpaka nikaona shingo imekaza. Wavu haukuinuka.

"Hukuanguka kitandani," nikasema.

"Najua."

"Nasema ili uwe umesikia kwangu. Mama yako aliomba mlango, mimi nikajivunia pazia. Ulipita chini yake, na nilisikia kishindo kabla sijageuka."

Alibaki palepale chini, uso umeelekea ngazi. Sikuweza kuona alikuwa anatazama nini, ila nilijua kinachoonekana kutoka pale. Kisha akanyanyuka, akajipangusa nyuzi kifuani, akafungua mfuko wake. Akatoa kile kijiko cha plastiki, akakiweka kwenye kapu langu la vitambaa.

"Nitampitia saa kumi na moja," akasema.

Akalifungua geti, akatoka, nikalinasa nyuma yake. Nikamweka Buldoza sakafuni. Bosi akajilaza kwa tumbo akajaribu, akakwamisha pua. Buldoza akaweka shavu chini, akasukuma, akakuta hapana njia, akaangua kilio cha hasira. Mama yake akasimama ngazi ya saba, akasikiliza.

Sikumbembeleza. Nilikaa pale sakafuni, kando yake, nikamwacha alie.