Kanyere Babili, Chumba Kimoja

Kwa maneno ya Mariette, jirani wa Eliane upande wa pili wa ua, Kanyere Débora wa Kasugho alifika Dubai na karatasi yake ya hoteli mukononi. Akaiweka mbele ya Mwarabu wa mapokezi. Huyo akamujibu kwamba Kanyere ameshaingia tangu asubuhi, yuko juu, na ufunguo anao.

"Débora anamuambia, mais Kanyere ni miye," Mariette alisimulia huku akichambua majani ya sombe. "Mwarabu anaangalia karatasi, anamuangalia yee, anacheka. Usiku mbili ule mwanamuke analala mu kiti kama mutu anangoja docteur. Kisha bakamurudisha. Na karatasi alipewa na nani? Na Malachie yako."

"Hapana yangu," Eliane akasema.

"Ni yako. Passeport yako haiko kwake?"

Eliane hakuwa mutu wa kumeza kila neno la Mariette, kwani Mariette aliwahi kulilia kifo cha mutu ambaye juma lililofuata alirudi kutoka Luofu akivuta mbuzi. Lakini Eliane naye jina lake la mbele ni Kanyere. Wanande wanapewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na akina Kanyere wamejaa mji wa Butembo. Nyumbani wanatofautishwa kwa jina la ubatizo. Mugeni anashika lile la mbele tu, anadhani amemupata mutu.

Mwaka huo, 2001, askari walikuwa wamesomba duka la baba yake, Maliro, mpaka misumari ya ukutani. Wafanyabiashara wa mtaa wa Kimemi walimukubalia Eliane nafasi katika kontena yao, mara moja tu. Kontena ilikuwa ya kufungwa Dubai tarehe ishirini, na ndege ya kutoka Beni ni ya Ijumaa. Akikwama kwenye mapokezi ya hoteli, kontena itarudi bila hata kitenge chake kimoja.

Asubuhi akaenda kwa Malachie, aliyekuwa akiwatafutia watu hoteli na visa kwa fax na simu ya satelaiti. Akaketi kwenye benchi.

"Pita tu, papa. Miye sina haraka," aliwaambia waliokuja nyuma yake, ili abaki na Malachie peke yao.

Zamu yake ilipofika, Malachie akamupa karatasi, kisha akatoka kutia mafuta ya mazutu katika groupe yake ya umeme. Kiingereza cha ile karatasi kilimushinda Eliane, lakini namba hazikuwahi kumushinda. Yake ilikuwa na jina Kanyere tu, na namba 4417. Juu ya meza kulikuwa na mbili nyingine za hoteli ile ile. Hakuzigusa, alinyoosha shingo tu. Moja ilikuwa ya Kambere Zorobabel: 4402. Nyingine ilisema Kanyere, basi. Tarehe zake zilikuwa zile zile za Eliane, na namba pia: 4417.

Malachie akarudi akipangusa mikono.

"Papa Malachie, hii namba ni ya nini?"

"Numéro ya hoteli, muana yangu. Bote banakuwaka nayo."

"Bote?"

"Bote. Kama vile boîte postale, sanduku la posta moja kwa bote."

"Na Papa Zorobabel analala hoteli gani?"

"Ile ile. Atakuonyesha njia."

"Donc kwa nini yake ni 4402, na ya ule Kanyere mwingine ni 4417 kama yangu?"

Malachie akakusanya karatasi zile mbili, akaweka kiwiko juu yake.

"Weye ulisoma mpaka wapi?"

"Sixième primaire."

"Unasoma sana kwa mutu wa darasa la sita." Akacheka kidogo. "Mu Butembo Kanyere ni bangapi? Nikiandika kila mutu na jina la padri, fax itamaliza karatasi. Mwarabu anatujua."

"Zorobabel ulimuandika majina yote. Na Débora, Mwarabu alimujua?"

Mukono wa Malachie ukasimama juu ya droo, ile ambamo passeport zilifungwa pamoja kwa kipande cha chambre à air, mpira wa ndani wa baiskeli.

"Maneno ya Débora ulisikia kwa nani?"

Hakusema ni uongo.

"Papa, andika Kanyere Eliane, binti Maliro, chumba chake mwenyewe, na utume fax nikiona. Ao unirudishie passeport yangu, nitafute mwingine mbele ya Ijumaa."

Malachie akavaa masikioni vifaa vya phonie, redio yake ya upepo, akabonyeza kitufe.

"Beni, Beni, unanipata?"

Eliane akarudi kwenye benchi, akakunja kitenge chini ya magoti, kama mutu wa kungoja mpaka jioni.

"Papa Malachie," akasema tena, "passeport yangu."

Malachie akaendelea kuita Beni, kama hajamusikia.