Kioo Kilisema Sitini

Kioo cha chaji garini kilionyesha zimebaki kilomita sitini, na kijijini ni arobaini na tano. Basi Turisno akakipita kituo cha kuchajia cha Temanggung bila kukanyaga breki.

Mama yake, Mbok Sarinem, aliyekuwa nyuma na saumu yake, alimwambia alipumzishe gari. Akajibu chaji ipo tele. Mbele ya ndugu zake alikuwa ameapa kumfikisha mama kabla ya magharibi, afuturu futari ya mwisho nyumbani kwake, ambako kesho, siku ya Idi, ukoo mzima utampigia magoti kuomba radhi, kama ilivyo desturi yao.

Lakini si haraka iliyompitisha. Pale kituoni, kivulini, alikuwa amemwona Parmin, wa kijiji kimoja naye, juu ya pikipiki, katoni za zawadi zimefungwa nyuma kwa kamba.

Wenye kusahau na wasahau. Mwaka wa mgomo katika kiwanda cha viatu, wawili hao walishika bango moja. Kisha Turisno akaitwa ofisini, akapewa kiti na kahawa, akataja majina. La kwanza lilikuwa la Parmin. Parmin akafukuzwa, Turisno akawa msimamizi, na baadaye akapewa gari hili la umeme, jeupe kama sanda.

Na ile sitini kioo kiliitoa wapi? Kilipiga hesabu kwa mwendo wa barabara za tambarare. Mlima haukuulizwa. Gari lilipoanza kupanda, hamsini ikawa thelathini, thelathini ikawa kumi. Turisno akazima kiyoyozi. Akazima redio. Mama akajipepea kwa ncha ya mtandio.

"Nishuke na mimi, lipungue uzito?"

Kilele kilikuwa kinaonekana. Ng'ambo yake mteremko mtupu, ambao ungerudisha chaji. Gari halikufika. Lilizima kimya, kama mtu aliyesusa.

Jua lilikuwa limeshainama pikipiki zilipotokea nyuma, msururu wa wafanyakazi warudio makwao. Mmoja akapiga kelele akipita: "Bosi, nalo limefunga?" Wakacheka. Parmin peke yake ndiye aliyesimama. Hakumtazama Turisno. Alifungua katoni zake, akamsimamisha mwenzake wa mwisho azibebe, akamvisha Mbok Sarinem kofia yake mwenyewe. Akamwambia mama atafuturu nyumbani kwake mwenyewe, asiwe na wasiwasi.

Mama hakupanda mara moja. Alimgeukia mwanawe.

"Ulimwona kule chini?"

"Nilimwona, Mama."

"Nilijua. Nami nilimwona."

Pa kukanyagia mguu pa abiria kwenye pikipiki palikuwa pamekunjwa juu, pamekaza kwa kutu. Mama alishindwa kupashusha. Turisno akapiga magoti kwenye lami, akapavuta kwa mikono miwili mpaka pakashuka, akaushika mguu wa mama na kuuweka. Kisha hakuinuka. Alibaki pale chini, uso kwenye goti la Parmin aliyekwisha kukaa mbele, midomo ikitafuta neno.

Parmin akawasha pikipiki.

"Inuka, bwana," alisema. "Idi ni kesho."