Anwani Iliyoandikwa kwa Kalamu Nene

Zamani, ukitaka ukurasa wa kliniki ya macho kwenye tovuti ya hospitali, ilibidi uandike alama ya kuuliza, tarakimu nne na mlolongo wa herufi zisizo na kichwa wala miguu. Fundi wa tovuti, binti mmoja mwenye subira, hakuipenda hali hiyo. Alihangaika wiki tatu mpaka anwani ikawa jina la hospitali, alama ya mkwaju, ule mstari wa mshazari, kisha kliniki-ya-macho. Basi. Mtu angeweza kumtajia mwenzake kwenye simu bila kujing'ata ulimi.

Wa kwanza kuonyeshwa alikuwa mamkubwa wake, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, na ambaye sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

"Hii hata mimi naiweza," mamkubwa alisema, akaiandika kwa kalamu nene, herufi kubwa kama vikombe. Kisha akainakili mara kumi na moja, akawagawia wenzake wa mtaani wenye macho kama yake. Madaktari wa upasuaji wangekuja kwa siku tano tu, mara moja kwa mwaka. Nafasi zilikuwa arobaini, na kujiandikisha kungeanza Jumatatu kwenye ukurasa huo.

Ijumaa, siku tatu kabla ya Jumatatu hiyo, mkuu wa idara, ambaye kazini walimwita Mzee Kikao, alisimama nyuma ya kiti cha binti.

"Hiki kichwa, 'Kliniki ya Macho', kimepwaya. Weka 'Huduma Jumuishi za Afya ya Macho'. Tuna wageni wiki ijayo."

"Wageni nao hawaoni vizuri, mzee?" akachokoza mwenzake wa meza ya pili.

"Wewe tutaonana kikaoni."

Binti akacheka, akabadilisha kichwa. Tovuti aliiunda hivi: anwani hutokana na kichwa cha ukurasa, kichwa kikibadilika nayo hujibadilisha yenyewe. Aliona ni unadhifu. Ile kazi ya kuiambia anwani ya zamani impeleke mtu kwenye mpya alikuwa ameiandika daftarini, chini ya neno "baadaye".

Jumatano alipita kwa mamkubwa. Alimkuta ameketi jikoni, amemwekea chai kwenye chupa kama kawaida yake.

"Shikamoo, Mamkubwa. Mmeshajiandikisha?"

"Marahaba. Tulifungua Jumatatu asubuhi na mapema, sote kwa simu ya jirani. Ikasema ukurasa haupo. Jana tena, haupo. Nikawaambia wenzangu wasihangaike, madaktari wameahirisha."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Uko kazini, mwanangu. Nikusumbue kwa jambo lililokwisha?"

Binti hakuigusa chai. Alimpigia nesi wa kliniki, naye akamjibu kwa upole kwamba nafasi zilijaa jana mchana. Wengi walipitia ukurasa wa mbele wa tovuti. Jina la mamkubwa angeliandika pembeni, lakini asimpe matumaini. Kisha binti akafungua kompyuta yake hapo hapo mezani na kuandika ule mstari wa daftarini. Mstari mmoja. Haukumchukua hata dakika tano.

"Ile niliyoandika mimi, sasa inafunguka?" mamkubwa aliuliza.

"Inafunguka."

"Inasemaje?"

"Nafasi zimejaa. Karibu tena mwakani."

Mamkubwa akashusha pumzi. "Kumbe niliiandika sawa. Nilidhani ni uzee wangu umewapoteza watu."

"Ni mimi, Mamkubwa. Niliibadilisha Ijumaa, nikaacha ya zamani bila kuielekeza popote."

Vidole vya mamkubwa vilitafuta ukingo wa meza. Hakugomba. Heri angegomba.

"Basi twende ukawaambie," alisema, akainuka. "Wako kumi na mmoja, na mmoja wao hatafika mwakani akiwa anaona. Tuanzie kwake. Nishike mkono, mimi ngazi siioni."